Kubadilisha pesti ya joto kwenye laptopu ya gemu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ambayo wateja na vijana wanaojifunza ufundi huyarudia mezani kwangu, wengi wakiwa wameshika laptopu ambayo feni zake zinavuma kama jenereta na gemu inaanza kukwama kila baada ya dakika 10. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yanayojitokeza mara chache, na majibu yanaelekezana kwa namba ili jambo moja lisielezwe mara mbili.

## Mambo ya msingi

1. Pesti ya joto ni nini, na kwa nini iwekwe kati ya vitu viwili ambavyo tayari vinagusana?

Chipu ya prosesa na bamba la shaba linaloipoza huonekana laini kwa macho, lakini nyuso zote mbili zina mabonde na vilima vidogo mno. Vikibanwa pamoja hugusana kwenye vilele tu, na nafasi inayobaki hujaa hewa. Hewa hupitisha joto kwa shida sana, takriban 0.026 W/mK (kipimo cha uwezo wa kitu kupitisha joto), wakati shaba inakaribia 400. Pesti huingia kwenye mabonde hayo na kuifukuza hewa. Yenyewe haifikii shaba hata kidogo, kwa kuwa pesti nyingi nzuri hutangazwa kuwa kati ya 5 na 13 W/mK, na ndiyo maana tabaka lake linatakiwa liwe jembamba kadiri inavyowezekana, huku bamba likigandamiza sawa pande zote.

Laptopu inatofautiana na kompyuta ya mezani kwa jambo moja lenye uzito. Prosesa ya mezani kwa kawaida huvikwa kofia ya chuma inayotawanya joto kabla halijafika kwenye pesti, ilhali ile ya laptopu huachwa chipu tupu, yenye eneo linalokaribia ukucha wa kidole gumba, nayo hutoa joto lake lote hapo hapo. Kosa dogo la kupaka, ambalo kwenye kompyuta ya mezani lisingeonekana, kwenye laptopu hugharimu nyuzi 10 au zaidi.

2. Joto la kiasi gani ni la kawaida wakati wa kucheza gemu?

Prosesa nyingi za Intel za laptopu zimewekewa kikomo cha nyuzi 100, na AMD Ryzen za mfululizo wa 5000H zina kikomo cha nyuzi 105. Chipu za michoro za NVIDIA za laptopu kwa kawaida huanza kujizuia karibu na nyuzi 87. Kwa hiyo prosesa kufika nyuzi 90 katikati ya gemu nzito si dalili ya ugonjwa. Watengenezaji wengi wa laptopu nyembamba wamezipanga hivyo kwa makusudi.

Dalili zinazostahili kushughulikiwa ni hizi: laptopu inagusa kikomo ndani ya sekunde chache tu baada ya mzigo kuanza, fremu zinashuka ghafla na kupanda tena kwa mzunguko unaojirudia, kiini kimoja cha prosesa kina joto la nyuzi 15 au 20 zaidi kuliko jirani zake, feni zinakimbia kwa nguvu zote hata ukiwa unasoma barua pepe, au laptopu inajizima yenyewe. Ile ya kutofautiana kwa viini huelekeza moja kwa moja kwenye pesti au mgandamizo, kwa sababu vumbi huathiri viini vyote kwa usawa.

3. Nipime nini kabla ya kuifungua?

Pima joto, wati na kasi, vyote vitatu, na uviandike. Programu ya HWiNFO inaonyesha yote bila malipo. Endesha programu ya majaribio ya Cinebench R23 kwa dakika 10 ili kuipa kazi prosesa, kisha cheza gemu ile ile, katika eneo lile lile la gemu, kwa dakika 20 ili chipu ya michoro nayo ipate joto lake la kweli. Andika pia joto la chumba. Laptopu iliyopimwa Dar es Salaam saa nane mchana mwezi wa Februari, chumbani mkiwa na nyuzi 32, haiwezi kulinganishwa na laptopu iyo hiyo iliyopimwa usiku chini ya kiyoyozi chenye nyuzi 22, kwa kuwa tofauti hiyo ya nyuzi 10 huingia karibu yote ndani ya chipu.

Wati na kasi zina sababu yake. Prosesa za siku hizi hujiongezea kasi mpaka zifike kwenye kikomo cha joto au cha umeme. Baada ya pesti mpya, unaweza kuona nyuzi 95 zile zile ulizoziona jana ukadhani umepoteza muda, kumbe jana prosesa ilikuwa inatumia wati 55 na leo inatumia 75. Aliyeandika joto peke yake hataliona hilo.

4. Nitajuaje kama tatizo ni pesti au ni vumbi?

Anza kwa kudhani ni vumbi, hasa kama laptopu imetumika zaidi ya mwaka mmoja bila kusafishwa. Vumbi halikai juu ya feni kama watu wanavyofikiri. Hujikusanya mahali ambapo feni inapuliza kuelekea kwenye rejeta, yaani yale mapezi membamba yaliyo ukingoni mwa laptopu. Ukiinua feni utakuta kitu kama kipande cha blanketi la kijivu, chenye nywele na nyuzi za zulia, ambacho unaweza kukivuta kwa koleo kikatoka kizima. Ukitazama kwa nje, kupitia matundu ya hewa, huoni chochote, kwa sababu kimejificha upande wa ndani.

Kipimo chepesi ni kuweka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa wakati wa mzigo. Hewa ikitoka kwa wingi lakini ni vuguvugu tu, na huku prosesa inasoma nyuzi 98, joto halifiki kwenye rejeta. Tatizo liko kwenye pesti au mgandamizo. Hewa ikitoka kidogo na ni ya moto sana, njia imeziba. Mara nyingi yote mawili yapo, na kwa kuwa laptopu imeshafunguliwa, yashughulikie pamoja.

5. Pesti hukaa muda gani kabla ya kuchoka?

Kwa laptopu inayochezewa gemu kila siku, miaka 2 hadi 3 ni makadirio ya haki kwa pesti ya kiwandani, ingawa nimeona zilizochoka ndani ya mwaka mmoja. Chanzo si kukauka peke yake. Chipu na bamba hutanuka zikipata joto na kusinyaa zikipoa, na kwa kuwa hazitanuki kwa kiwango kimoja, kila mzunguko huisukuma pesti kidogo kuelekea pembeni. Ukifungua laptopu ya namna hiyo utaona ukuta mnene wa pesti kuzunguka chipu, na katikati, mahali ilipohitajika zaidi, silikoni inang'aa kama kioo. Pesti nyepesi, inayopakika kwa urahisi, ndiyo husukumwa haraka zaidi.

Kama joto lako ni zuri, usifungue. Hakuna ratiba ya pesti kama ilivyo ya oili ya gari.

## Kuchagua cha kupaka

6. Ninunue pesti ipi? Je, yenye namba kubwa zaidi kwenye lebo ndiyo bora?

Chukua mfano wa chipu yenye eneo la milimita za mraba 180, inayotoa wati 90. Pesti iliyotangazwa kuwa 8.5 W/mK, kama Arctic MX-4, ikipakwa kwa unene wa milimita 0.05, husababisha tofauti ya takriban nyuzi 3 kati ya chipu na bamba. Pesti ya 12.5 W/mK, kama Thermal Grizzly Kryonaut, kwa unene huo huo husababisha nyuzi 2. Umelipa zaidi ukapata nyuzi moja. Lakini pesti ile ya 8.5 ikiachwa na unene wa milimita 0.2 kwa sababu bamba halikukaa sawa, tofauti huruka hadi nyuzi 12. Unene unatawala, na unene hutokana na mgandamizo na pedi, mambo yanayoelezwa katika majibu ya 12 na 13.

Kwa laptopu, sifa ya kuitafuta ni uzito wa pesti, maana pesti nzito inayokataa kusukumwa pembeni hudumu kuliko ile laini. Jihadhari pia na pesti nyeupe inayouzwa kwenye vibomba visivyo na jina. Ikiwa ni ya 2 W/mK tu, hesabu ile ile inatoa nyuzi 12 au 13 hata ukiipaka kwa ustadi wote. Kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki ya Kariakoo au mtaa wa Luthuli jijini Nairobi zipo halisi na zipo bandia zenye maboksi yanayofanana, kwa hiyo nunua kwa muuzaji ambaye utamkuta hapo wiki ijayo.

7. Nimesikia kuhusu karatasi inayolainika kwa joto. Inaifaa laptopu?

Inafaa sana, na kwa maoni yangu ndiyo chaguo la kwanza kwa chipu tupu. Inayojulikana zaidi ni Honeywell PTM7950. Katika joto la chumba ni kikaratasi kigumu kidogo chenye rangi ya kijivu. Ikifika takriban nyuzi 45 hulainika, huenea na kuwa jembamba kwa nguvu ya bamba lenyewe. Haisukumwi pembeni kwa urahisi, kwa hiyo tatizo la swali la 5 hupungua mno.

Usumbufu wake uko kwenye kuibandua. Ina plastiki pande zote mbili, na kwenye joto la pwani hunata na kuchanika. Iweke kwenye friji kwa dakika chache ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, ikate kulingana na ukubwa wa chipu, bandua upande mmoja, ibandike, ikandamize kwa kidole, kisha bandua upande wa pili kwa koleo kuanzia kwenye kona. Usiihukumu siku ya kwanza. Huhitaji kupashwa na kupoa mara kadhaa kabla ya kutulia.

8. Na metali ya kimiminika?

Ni mchanganyiko wa galiamu na metali nyingine, na uwezo wake ni mkubwa: Thermal Grizzly Conductonaut hutangazwa kuwa 73 W/mK. ASUS imeitumia kiwandani kwenye laptopu zake nyingi za gemu za ROG. Hata hivyo inapitisha umeme, kwa hiyo tone moja likidondokea kwenye vijenzi vidogo vilivyo kando ya chipu linaweza kuua ubao mama wote. Pia galiamu huila alumini mpaka ivunjike kama biskuti. Shaba huistahimili, ingawa hubaki na madoa, na shaba iliyopakwa nikeli ndiyo inayoaminika zaidi.

Laptopu hubebwa, huinamishwa, hurushwa kitandani. Kwa mtu anayefanya kazi hii kwa mara ya kwanza ninasema hapana. Tofauti kati yake na jibu la 7 ni nyuzi chache, na hatari yake haiwiani na nyuzi hizo.

9. Dawa ya meno, mafuta ya mgando au grisi ya gari, je?

Dawa ya meno hufanya kazi kwa muda mfupi kwa sababu ina maji, kisha maji hukauka na unabaki na chokaa. Mafuta ya mgando huyeyuka na kutiririka. Grisi ya gari imetengenezwa kupunguza msuguano. Subiri mpaka upate fedha ya pesti.

## Kazi yenyewe

10. Nahitaji vifaa gani, na nianzeje kuifungua?

Bisibisi ndogo za nyota za namba 0 na 1 zenye ncha isiyolika, kadi ya plastiki ya kufungulia klipu (kadi ya simu iliyokwisha inatosha), koleo dogo, brashi laini, kitambaa kisichoacha nyuzi au karatasi ya kuchujia kahawa, spiriti, pesti, na pedi za akiba. Chora umbo la laptopu kwenye karatasi na uweke kila skrubu mahali ilipotoka, kwa sababu huwa na urefu tofauti, na skrubu ndefu ikiingizwa kwenye tundu fupi hutoboa sehemu ya kuwekea mikono au kuharibu ubao.

Zima laptopu kabisa, chomoa chaja, ondoa mfuniko wa chini, na kitu cha kwanza kugusa kiwe waya wa betri. Uchomoe kabla ya bisibisi kukaribia ubao, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kisichopakwa rangi ili kutoa umeme tuli mwilini. Skrubu za bamba la kupozea mara nyingi zimeandikwa namba 1, 2, 3, 4. Zilegeze kwa kurudi nyuma, kuanzia namba kubwa, kidogo kidogo kwa kila moja. Bamba likikataa kuinuka usilivute kwa nguvu. Lizungushe taratibu kulia na kushoto, au ifunge laptopu, iwashe kwa dakika 5 pesti ipate joto, kisha rudia tangu kuizima na kuchomoa betri.

11. Nisafishe kwa spiriti gani? Na vumbi nilipulize kwa kompresa?

Spiriti ya isopropili yenye asilimia 90 kwenda juu ndiyo inayopendekezwa, na hupatikana kwa wauza vifaa vya mafundi simu. Ile ya asilimia 70 inaweza kutumika mradi usubiri ikauke vizuri. Soma lebo, kwa kuwa spiriti nyingine za famasi huongezwa mafuta au rangi, na mafuta hayo hubaki juu ya chipu kama utando. Kiondoa rangi ya kucha, thina na petroli havifai kabisa. Futa kutoka pembeni kuelekea katikati ili usisambaze uchafu kwenye vijenzi vidogo, na urudie mpaka kitambaa kitoke kikiwa safi.

Kompresa ya gereji ya matairi ina nguvu kupita kiasi na mara nyingi hutoa matone ya maji na mafuta pamoja na hewa. Blowa ndogo ya umeme au brashi inatosha. Vyovyote utakavyopuliza, zuia mabawa ya feni kwa kidole yasizunguke, kwani feni inayokimbizwa kuliko kasi yake huharibu beringi.

12. Nipake kiasi gani, na kwa umbo gani?

Kwenye chipu tupu, funika uso wote. Ushauri wa kuweka punje moja katikati ulifaa prosesa zenye kofia, ambapo kona zikikosa pesti kofia husaidia kutawanya joto. Chipu tupu haina msaada huo. Tandaza utando mwembamba kwa kipande cha plastiki, au weka mstari mmoja kwa urefu wa chipu kama ni nyembamba na ndefu. Ikizidi kidogo, bamba litaisukuma nje, na pesti ya kawaida isiyopitisha umeme haina madhara ikitoka pembeni. Iliyopungua ndiyo yenye madhara.

Kisha weka bamba likishuka wima, bila kuliburuza, na kaza kwa kufuata namba au kwa mshazari: nusu mzunguko hapa, nusu mzunguko kwenye kona ya pili, mpaka zote zisimame. Ukikaza kona moja mpaka mwisho kwanza, bamba huinama upande huo, na pesti hukimbilia upande wa pili ambako hubaki nene.

13. Pedi za joto zina umuhimu gani? Naweza kuziacha zile za zamani?

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia. Pedi ni vile vipande laini vinavyounganisha bamba na kumbukumbu ya video pamoja na vijenzi vya kugawa umeme, ambavyo vina kimo tofauti na chipu. Unene wake, milimita 0.5, 1.0, 1.5 au 2.0, umechaguliwa ili bamba liguse chipu kwanza. Pedi ikiwa nyembamba, kumbukumbu inabaki bila kupozwa. Ikiwa nene, bamba linainuka na chipu ndiyo inayokosa mguso.

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Laptopu ya kijana mmoja ilikuja ikiwa na pedi zilizochanika, nami nilikuwa na za milimita 1.5 tu, nikaziweka mahali palipokuwa na za 1.0 nikijiambia zitabonyea. Chipu ya michoro, ambayo ilikuwa inacheza kwenye nyuzi 84, iligonga kikomo ndani ya dakika 2. Nilipofungua tena, pesti yangu ilikuwa imekaa vile vile nilivyoitandaza, na mistari ya plastiki ikionekana, isipokuwa kona moja tu iliyobonyezwa. Bamba lilikuwa limeinamia pedi kama meza yenye kigae chini ya mguu mmoja. Nilirudisha za 1.0 siku iliyofuata na joto likashuka hadi nyuzi 74, kwa pesti ya aina ile ile.

Pedi za zamani zikiwa nzima, zenye unyevu kidogo na hazijachanika, ziache mahali pake na uziwekee bamba katika mkao ule ule. Zikiwa zimechanika, pima sehemu ambayo haijabonyezwa kwa rula ya kupimia unene, na kama upo kati ya ukubwa mbili, chagua pedi laini zaidi. Ipo pia pesti nzito ya kujazia, inayofanana na unga uliokandwa, ambayo hujipatia unene wenyewe bamba linapobanwa. Kwa asiyejua unene wa asili ni njia salama.

## Baada ya kufunga

14. Nitegemee joto lishuke kwa nyuzi ngapi?

Inategemea ilivyokuwa kabla. Laptopu yenye pesti iliyochoka na rejeta iliyoziba inaweza kushuka kwa nyuzi 10 hadi 20. Laptopu mpya yenye pesti nzuri ya kiwandani inaweza kushuka kwa nyuzi 2, au isishuke kabisa. Na kumbuka jibu la 3: linganisha wati na kasi kabla ya kusema hakuna kilichobadilika.

15. Joto limeongezeka badala ya kupungua. Nimekosea wapi?

Fuata mpangilio huu: feni zimechomekwa zote mbili, plastiki ya pedi mpya imebanduliwa, pande zote mbili, skrubu zimekazwa kwa mshazari, unene wa pedi ni sahihi. Ukifungua, usifute chochote kabla ya kutazama. Alama ya pesti kwenye bamba na kwenye chipu ndiyo ushahidi pekee ulio nao. Sehemu nyembamba inayokaribia kuonyesha chuma ilibanwa vizuri, na sehemu nene yenye vilima haikuguswa. Ipige picha, kisha safisha na uanze upya na pesti mpya. Iliyokwisha kubanwa na kufunguliwa haifai kurudishwa kwa kuwa imeshaingia hewa.

16. Laptopu haiwaki kabisa baada ya kuifunga.

Mara nyingi waya wa betri haujaingia vizuri. Nyingine, baada ya betri kuchomolewa, hukataa kuwaka mpaka zichomekwe chaja kwanza, na kuwaka kwa mara ya kwanza kunaweza kuchukua dakika moja au zaidi huku skrini ikiwa nyeusi wakati kumbukumbu inajipanga upya. Ikishindwa, ondoa RAM na uirudishe. Ukisikia harufu ya kuungua, chomoa kila kitu na usijaribu tena.

17. Ilikuwa nzuri, lakini baada ya miezi mitatu joto limerudi.

Pesti imesukumwa pembeni, kama ilivyoelezwa katika jibu la 5. Kurudia pesti ile ile kutakupa miezi mingine mitatu. Hamia kwenye pesti nzito au karatasi ya jibu la 7.

## Hali zisizo za kawaida

18. Je, kuifungua kunaua dhamana?

Inategemea sheria ya mahali na masharti ya muuzaji. Nchini Marekani, Tume ya Shirikisho ya Biashara ilizionya kampuni 6 mwaka 2018 kuhusu madai kwamba dhamana hupotea mteja akitumia vipuri au huduma za watu wengine. Jamaa akikutumia laptopu kutoka huko, hata hivyo, dhamana ya huko huenda isihudumiwe hapa. Zile zilizotumika zinazoletwa kutoka Dubai nyingi hazina dhamana zaidi ya siku chache za dukani. Kama yako ni mpya na dhamana ipo hai, irudishe kwanza kwa muuzaji ukiwa na vipimo vya jibu la 3 mkononi.

19. Nimefungua nikakuta kitu kinachong'aa kama zebaki. Niendelee?

Hiyo ni metali ya kimiminika ya kiwandani. Isipokuwa una uzoefu, funga na umpelekee fundi anayeijua. Kama ni lazima kuendelea, iweke laptopu ikiwa imelala, nyonya matone kwa vijiti vya pamba bila kuyasukuma, na usiondoe sponji nyeusi inayozunguka chipu, kwa kuwa ndiyo boma linaloizuia isitoroke. Ukitaka kuhamia kwenye karatasi ya jibu la 7, kila tone lazima litoke kwanza.

20. Naweza kupunguza joto bila kufungua chochote?

Ndiyo, na ni vizuri kujaribu kabla. Inua nyuma ya laptopu kwa sentimita 2 au 3 ili feni zivute hewa, wala usiiweke kwenye godoro. Weka kikomo cha fremu, mfano 60, badala ya kuiacha chipu itoe 140 ambazo skrini yako haizionyeshi. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, kushusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99 huzima nyongeza ya kasi. Kwenye gemu zinazotegemea zaidi chipu ya michoro unaweza usione tofauti ya fremu, ilhali joto la prosesa hushuka sana.

Kupunguza volti za prosesa husaidia pia, lakini kwenye laptopu nyingi za Intel njia hiyo ilifungwa baada ya udhaifu wa usalama uitwao Plundervolt kutangazwa Desemba 2019. Kwa chipu za michoro za NVIDIA bado inawezekana kupitia MSI Afterburner.

21. Nampelekea fundi. Nimuulize nini ili nisidanganywe?

Muulize anatumia pesti gani, na akuonyeshe bomba lake. Muulize atafanya nini pedi zikichanika; akijibu kwamba ataweka pesti mahali pa pedi, chukua laptopu yako, maana pesti ya kawaida haiwezi kujaza pengo la milimita moja. Mwambie akupigie picha ya bamba kabla ya kulifuta. Na afanye kipimo cha Cinebench mbele yako, kabla na baada, kwenye chumba kile kile, namba zikiandikwa kwenye risiti.